Tezi Imetibiwa, Kilo Hazishuki: Tuangalie Wapi?

Mabibi na mabwana, wakubwa zetu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Tumeombwa kuzungumzia jambo linalowakera wengi wenu. Mtu amepimwa, ameambiwa tezi yake ya thairoidi iko chini, yaani imelegea kazi, anameza kidonge kila siku, anajinyima chakula, na mizani iko palepale. Wengine mmeshaambiwa na jirani kwamba mwenye thairoidi hapungui kamwe, basi. Wengine mmeambiwa na watu wa afya kwamba mnadanganya, kwamba mnakula usiku. Kauli hizo zote mbili zinamzuia mtu kulitafuta tatizo lilipo. Leo tutagawa mzigo: kilo zipi ni za tezi, zipi za insulini, zipi za dawa nyingine unazotumia, na zipi za sahani. Kila fungu lina tiba yake, na dawa ya fungu moja haitibu jingine.

Tuanze na tezi yenyewe. Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Hutoa homoni mbili, T4 kwa wingi na T3 kwa uchache, kisha ini, figo na misuli huigeuza T4 kuwa T3, na hiyo T3 ndiyo inayoziamuru seli zichome nishati kwa kasi gani. Kwenye ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayotoa homoni ya TSH ili kuihimiza thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikilegea, pituitari huongeza himizo, kwa hiyo TSH hupanda. Wengi mnaisoma karatasi ya maabara kinyume: TSH ikiwa juu, tezi iko chini. Maabara nyingi huchukua kiwango cha kawaida cha mtu mzima kuwa kati ya takriban 0.4 na 4.0. Pale TSH inapokuwa juu, daktari huangalia T4 huru, yaani ile isiyoshikamana na protini za damu, na mara nyingi kingamwili za TPO, zile zinazoilenga tezi yenyewe, kwa sababu chanzo kikubwa cha tezi kulegea mahali ambapo watu wanapata madini joto ya kutosha ni ugonjwa wa Hashimoto. Katika ugonjwa huo, kinga ya mwili huishambulia tezi taratibu kwa miaka.

Sasa, kilo ngapi ni za tezi? Kwa kawaida ni kati ya kilo 2 na 5, na sehemu kubwa ya hizo ni maji na chumvi. Homoni ikipungua, chini ya ngozi na kwenye misuli hujikusanya dutu zinazofyonza maji. Ndiyo maana uso unavimba, kope zinakuwa nzito asubuhi, pete haitoki kidoleni, na ukibonyeza sehemu iliyovimba mara nyingi halibaki shimo. Dawa ikishakaa sawa, uvimbe huo ndio unaoondoka kwanza. Kwa hiyo mtu aliyeongezeka kilo 20 katika miaka mitano asitarajie kidonge kiziondoe zote. Kitaondoa zile tatu au nne za maji, na zilizobaki zina chanzo kingine ambacho hakuna aliyekitafuta, kwa sababu kila mtu ameshikilia jibu la tezi.

Kuna jambo jingine ambalo huwa linawashangaza hata wanafunzi wa udaktari. Uzito wenyewe unaweza kuipandisha TSH. Mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, na leptini huuchochea ubongo utoe himizo zaidi kwa thairoidi. Mtu mnene anaweza kukutwa na TSH ya 5 au 6, T4 yake ikiwa sawa na kingamwili zikiwa hazipo. Huyo huenda hana ugonjwa wa tezi hata kidogo. Akipungua, TSH nayo hushuka yenyewe. Akianzishiwa kidonge kwa matumaini ya kupungua, hatapungua kwa sababu ya kidonge, na atakuwa amejifunga kwenye dawa asiyoihitaji. Kabla ya kukubali dawa ya maisha kwa TSH iliyopanda kidogo tu, omba kipimo kirudiwe baada ya miezi miwili au mitatu, na uulize kama kingamwili zimepimwa. Mjamzito au anayetafuta ujauzito hahusiki na subira hii; yeye aende kwa daktari mara moja, kwa sababu mtoto tumboni anaitegemea homoni ya mama, hasa miezi ya mwanzo.

Kwa wale ambao tezi kweli imelegea, tukae kidogo kwenye kidonge, maana hapa ndipo mambo mengi huharibika kimyakimya. Levothairoksini, yaani T4 ya kutengenezwa iliyo ndani ya kidonge hicho, ni dawa nzuri lakini ina masharti. Dozi kamili kwa mtu ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa ni karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 hufika kwenye mikrogramu 112 hivi. Mwenye tezi inayofanya kazi nusu huhitaji pungufu, na mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa na 12.5 au 25, kisha hupandishwa polepole. Kwa mtu mnene sana, kuzidisha 1.6 kwa kilo zote alizonazo huleta dozi kubwa mno, kwa sababu mafuta hayaihitaji homoni hii kwa kiasi ambacho misuli na viungo vinaihitaji.

Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula cha asubuhi. Si kwa chai ya maziwa, si kwa kahawa. Kahawa inajulikana kupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini, na kumeza kidonge kwa kahawa kila asubuhi kunatosha kuiacha TSH juu ilhali kila mtu anashangaa. Vidonge vya madini ya chuma, vya kalsiamu, na baadhi ya dawa za kiungulia zenye alumini huishika levothairoksini ndani ya utumbo isifyonzwe. Hivyo vikae mbali nayo kwa saa nne. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli nazo huathiri, kwa sababu kidonge kinahitaji asidi ili kiyeyuke vizuri. Anayezitumia mfululizo amwambie daktari, asiache tu. Kama asubuhi yako ni ya mbio, watoto, gari la shule, huna nafasi ya kusubiri saa nzima, meza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya mlo wa mwisho. Inafanya kazi vilevile. Kubwa ni kuchagua wakati mmoja na kuushika.

Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake huisha kwa takriban siku 7. Kwa hiyo kusahau siku moja hakukuangushi. Kinachoangusha ni kusahau mara mbili au tatu kila wiki, kisha kumeza kwa bidii siku chache kabla ya kwenda kupimwa. Tunaliona hilo kwenye karatasi: T4 imepanda vizuri, TSH bado iko juu sana. T4 hujibu haraka, TSH huchukua wiki kadhaa kubadilika, na hapo kalenda yako inakuwa imejieleza bila wewe kufungua mdomo. Hatusemi hivi ili kumwaibisha mtu. Tunasema kwa sababu daktari asiyejua kwamba dozi zinarukwa atakuongezea dozi, nawe ukianza kumeza vizuri, moyo utaanza kwenda mbio.

Kwa sababu hiyohiyo ya muda mrefu, kipimo hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kubadili dozi, si wiki mbili. Siku ya kupima, toa damu asubuhi kabla ya kumeza kidonge, na ujitahidi saa iwe ileile kila mara, maana TSH hupanda usiku na kushuka mchana. Mnaotumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini kwa wingi, acheni angalau siku mbili kabla ya kipimo. Biotini haidhuru tezi, ila katika mashine nyingi inaharibu usomaji, na mtu anaweza kuonekana tezi yake imezidi ilhali haijazidi. Duka likikupa levothairoksini ya mtengenezaji mwingine, si kosa kuitumia, ila pima tena baada ya wiki sita. Na vidonge visikae kwenye dashibodi ya gari wala bafuni. Joto na unyevu huvipunguzia nguvu.

Swali linalofuata huwa hili: kwa nini nisiongezewe dozi kidogo ili nipungue? Tunalijibu kwa ukali kidogo. Homoni ikizidi, kweli uzito unaweza kushuka, lakini kinachoondoka ni pamoja na misuli. Moyo hupoteza mpangilio wa mapigo, hali inayoweza kutupa bonge la damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mifupa hupungua uzito, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Mamlaka za dawa za Marekani zimeweka onyo kali kwenye pakiti za homoni za thairoidi kwamba zisitumike kutibu unene. Vilevile kuna vidonge vinavyouzwa kwa jina la kuamsha tezi. Baadhi yake, vilipopimwa maabara, vilikutwa na T3 na T4 halisi bila kuandikwa. Vingine vimejaa madini joto ya mwani. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku. Akizidisha mno, na hasa akiwa na Hashimoto, tezi inaweza kulegea zaidi. Kuhusu kabichi na jamii yake, mnaogopa bure. Ikipikwa na kuliwa kwa kiasi cha kawaida, haina neno.

Niwakumbuke pia wale wa upande wa pili, mliotibiwa kwa sababu tezi ilikuwa imezidi. Nyinyi huongezeka baada ya tiba, na mara nyingi hakuna aliyewatahadharisha. Wakati tezi imezidi, mlikuwa mnakula sana na kupungua. Mwili ukatulia, mazoea ya sahani yakabaki. Sehemu ya kilo zinazorudi ni zile ugonjwa ulizoziiba, misuli ikiwemo, hizo zipokeeni. Lakini anzeni kupima chakula wiki ileile dawa inapoanza kufanya kazi, na TSH isiachwe ipande juu baada ya tiba ya mionzi au upasuaji.

Tuseme sasa TSH yako imekuwa sawa kwa miezi mitatu au zaidi na uzito bado haujasogea. Hapo tezi tuiache. Tuangalie insulini.

Insulini hutoka kwenye kongosho kila sukari inapoingia kwenye damu. Huiambia misuli na ini ipokee sukari, na huyaambia mafuta yasitoke ghalani. Kwa watu wengi wenye tumbo kubwa, misuli na ini huacha kuisikia vizuri. Kongosho hufanya kama mgeni anayebisha hodi kwa nguvu zaidi kwa kuwa mwenye nyumba hasikii: hutoa insulini nyingi zaidi. Sukari ya damu inaweza kubaki ya kawaida kwa miaka huku insulini ikiwa juu muda wote. Dalili zake za nje ni weusi laini kama mahameli nyuma ya shingo na makwapani, vinyama vidogo shingoni, na usingizi mzito baada ya mlo wa wanga mwingi.

Kuna vipimo vitano ambavyo mtu akikutwa na vitatu, tunasema ana mkusanyiko wa matatizo ya umetaboli, yaani ya namna mwili unavyotumia chakula na nishati. Kwanza kiuno. Chukua futi ya kushonea, tafuta katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usibane tumbo, kisha soma. Kiwango kimojawapo kinachotumika sana kimataifa ni sentimita 80 na kuendelea kwa mwanamke, na 94 na kuendelea kwa mwanamume, ingawa mipaka hutofautiana kwa asili ya watu. Pili ni presha ya 130/85 au zaidi. Tatu, sukari ya kabla ya kula asubuhi ya 5.6 au zaidi kwa kipimo cha mmol. Nne ni mafuta ya trigliseridi ya 1.7 au zaidi. Tano ni kolestero nzuri, HDL, kuwa chini ya 1.03 kwa mwanamume au 1.29 kwa mwanamke. Ongeza kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili au mitatu: asilimia 5.7 hadi 6.4 ni njia ya kuelekea kisukari, 6.5 na zaidi ni kisukari chenyewe kikithibitishwa. Tezi iliyolegea nayo huipandisha kolestero mbaya, kwa hiyo kolestero isihukumiwe kabla TSH haijatengemaa. Dawa za kolestero za jamii ya statini zinaweza kuleta maumivu ya misuli zaidi kwa mtu ambaye tezi yake haijatibiwa.

Kwa mwanamke ambaye hedhi inaruka miezi, nywele zinaota kidevuni na chunusi haziishi, uliza kuhusu ugonjwa wa ovari uitwao PCOS. Huo hutembea na ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoisikia insulini vizuri, na tezi iliyolegea inaweza kuiga baadhi ya dalili zake, kwa hiyo TSH hupimwa kwanza. Kama mtu ana michirizi mipana ya zambarau tumboni, michubuko isiyo na sababu, na mapaja yamedhoofika kiasi kwamba hawezi kuinuka kwenye kiti bila mikono, hiyo ni habari ya homoni ya kotisoli kuzidi, adimu lakini isipuuzwe.

Kisha mfuko wa dawa. Hapa tunawaomba mje kliniki na vidonge vyote, vikiwemo vya kienyeji na sindano za uzazi. Prednisoloni ya muda mrefu huongeza uzito. Insulini yenyewe na vidonge vya kisukari vya jamii ya glibenklamidi huongeza. Dawa kadhaa za akili, hasa olanzapini na klozapini, huongeza sana. Amitriptilini, mirtazapini na valproati pia. Baadhi ya dawa za presha, kama atenololi na propranololi, huongeza kidogo. Sindano ya uzazi ya miezi mitatu huwaongeza baadhi ya wanawake. Lithiamu na amiodaroni zinaweza kuilegeza tezi yenyewe. Hakuna hata moja ya kuacha kwa uamuzi wako. Prednisoloni ikikatwa ghafla inaweza kuua, na dawa ya kifafa au ya akili ikikatwa ghafla huleta balaa lake. Lakini mara nyingi kuna mbadala, na daktari hawezi kuutafuta kama hajui unameza nini.

Usingizi tutaupitia haraka. Anayekoroma kwa nguvu, akakata pumzi usiku na kusinzia mchana, apimwe tatizo la kuzibwa pumzi usingizini. Uchovu wake mara nyingi husingiziwa tezi, akaongezewa dozi bure.

Sahani sasa. Tuna sababu ya kuiweka hapa na si mwanzoni: mkisikia chakula kwanza, mnafunga masikio. Mwaka 1992 watafiti walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui, baadhi yao wakiamini tezi au umetaboli ndiyo sababu. Walipimwa kwa njia ya maji maalumu ambayo haihitaji mtu kusema chochote. Umetaboli wao ulikuwa ndani ya asilimia 5 ya ule uliotarajiwa. Walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoandika, kwani waliripoti pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na wakakadiria mazoezi zaidi ya hali halisi kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo. Binadamu hukadiria vibaya, na kadiri anavyojinyima ndivyo anavyosahau vile vya kuonja.

Kwa hiyo hesabu. Njia ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990 ni hii: zidisha kilo zako kwa 10, ongeza sentimita za urefu ukizidisha kwa 6.25, toa umri ukizidisha kwa 5. Mwanamke atoe 161, mwanamume aongeze 5. Chukua mwanamke wa miaka 45, kilo 86, urefu sentimita 160. Ni 860 jumlisha 1,000, toa 225, toa 161: kalori 1,474 za mwili ukiwa umelala tu. Akiwa mtu wa kukaa sana, zidisha kwa 1.4, anatumia karibu 2,060 kwa siku. Akila 1,550, anabaki na pengo la 500, ambalo kwa nadharia ni karibu nusu kilo ya mafuta kwa wiki, maana kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kalori kama 7,700.

Akifika kilo 76, fanya hesabu upya: mwili wake sasa unatumia karibu 1,920. Sahani ileile ya 1,550 imebakiza pengo la 370 tu. Juu ya hapo mwili unaopungua hubana matumizi zaidi ya hesabu inavyosema, homoni za njaa hupanda, na ukijinyima sana T3 hushuka ili kuokoa nishati. Kushuka huko si ugonjwa wa tezi wala hakuhitaji dawa. Utafiti wa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 14 waliopungua kwa kasi kubwa katika shindano la televisheni la Marekani. Miaka sita baadaye miili yao ilikuwa bado inachoma karibu kalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa kwa siku. Kwa hiyo mnaposema "mwili wangu unagoma", mna hoja. Mgomo huo lakini si wa thairoidi, na njia ya kupambana nao ni kupungua polepole, kulinda misuli, na kutoshuka chini mno. Anayejiweka kwenye kalori 800 bila usimamizi hupoteza misuli, na nyongo yake iko kwenye hatari ya kutengeneza mawe.

Kipi cha kupima jikoni? Anza na mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye chupa humimina vitatu ukidhani ni kimoja. Kisha vinywaji. Kijiko cha chai cha sukari ni kalori 16. Vikombe vinne kwa siku vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni karibu 190, zaidi ya theluthi ya lile pengo letu la 500. Karanga na korosho ni chakula kizuri, ila gramu 30 ni kalori 170 hadi 180, na kiganja kilichojaa huzidi hapo. Tumia mizani ya jikoni kwa wiki mbili tu, andika kila kitu kabla hujakila, si jioni kwa kumbukumbu. Baada ya hapo jicho litakuwa limejifunza.

Protini iwe gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoulenga. Huyu mama akilenga kilo 70 anahitaji gramu 84 hadi 112 kwa siku. Yai moja lina kama 6, gramu 100 za samaki au nyama iliyopikwa bila mfupa ni kama 25, kikombe cha maharage yaliyopikwa ni 15 hivi. Zigawe katika milo mitatu. Protini hushibisha, hulinda misuli, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake kuimeng'enya tu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asipunguze wanga kabla dozi haijarekebishwa, la sivyo sukari itashuka na ataanguka.

Mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki ndiyo hulinda misuli. Kutembea peke yake hakutoshi kwa kazi hiyo. Ila mwenye tezi ambayo bado haijatengemaa misuli yake huuma na hupona polepole, kwa hiyo aanze kidogo: kuketi na kuinuka kwenye kiti mara 8, kusukuma ukuta mara 8, kuvuta mpira wa mazoezi mara 8, mizunguko miwili, kisha apumzike siku moja. TSH ikishuka kwenye kiwango, aongeze uzito. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya mlo husaidia misuli kuchukua sukari bila kuhitaji insulini nyingi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwalenga watu waliokuwa njiani kuelekea kisukari: waliolengwa kupungua asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliotumia metformini, kidonge cha kisukari, walipunguza kwa 31. Asilimia 7 ya kilo 86 ni kilo 6, si 30.

Mizani nayo ina namna yake. Pima kila asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, na nguo zilezile. Usisome namba ya siku, soma wastani wa wiki, kisha linganisha wiki na wiki. Chumvi ya jana, hedhi, au kufunga choo, ambako kwa mwenye tezi ni kawaida, vinaweza kuficha kilo moja au mbili. Usitangaze kukwama kabla wastani haujasimama wiki nne na kiuno hakijapungua.

Kwa ambao haya yote yamefanywa na bado haitoshi, dawa zipo. Metformini hupunguza kilo chache tu, mbili au tatu. Semaglutaidi ya sindano ya wiki, kwa dozi ya miligramu 2.4, ilipunguza wastani wa asilimia 15 ya uzito katika wiki 68. Tirzepataidi kwa dozi kubwa ilifika karibu 21 katika wiki 72. Ukiziacha sindano hizi mbili, sehemu kubwa ya uzito hurudi. Hazitolewi kwa mtu ambaye yeye au ndugu zake wa damu wamepata saratani ya thairoidi ya aina ya medula. Hashimoto peke yake haizuii. Huchelewesha chakula kutoka tumboni, na kichefuchefu na kutapika vinaweza kukitoa kidonge cha asubuhi.

Na hapo kuna kitu ambacho husahaulika hata kliniki. Ukipungua kilo 10 au 15, kwa dawa au kwa sahani, dozi ya levothairoksini iliyokufaa jana inaweza kuwa kubwa leo. Ukianza kusikia moyo unadunda ukiwa umekaa, mikono inatetemeka, unatoka jasho na usingizi umekimbia, usifurahie kwamba umetaboli umeamka. Pima TSH. Hata bila dalili, pima kila unapopoteza takriban asilimia 10 ya uzito, kisha wiki 6 hadi 8 baada ya kila mabadiliko ya dozi.

Tunapokea maswali sasa. Wenye majibu ya maabara mkononi watangulie, na mliokuja na mifuko ya dawa, kuna meza pale nyuma ya kuipitia mmoja mmoja.